Jina Nyuma ya Kadi

Jumamosi, 8 Novemba 2025

Jua limezama, Sabato imekwisha, naruhusiwa kuandika. Nimesomwa! Mimi Nyangau, mwenye kibanda cha fotokopi hapa Migori mjini, nimesomwa mbele ya kanisa zima kuwa mzee wa kanisa. Karani wa kamati ya uteuzi alitamka jina langu vizuri, bila kukohoa. Nilitazama chini kwa unyenyekevu. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kutazama chini tangu Jumatano.

Utaratibu wetu ni huu. Majina husomwa Sabato ya kwanza, kisha washiriki hupewa juma zima. Mwenye pingamizi huipelekea kamati faraghani. Sabato ya pili majina husomwa tena, mikono inainuliwa, kwisha. Siku saba tu za kuvumilia. Nani atanipinga mimi? Labda Obare. Kibanda chake kinatazamana na changu. Anachonga mihuri, na mashine yake inatoa rangi. Yangu inatoa mstari mweusi katikati ya kila karatasi. Leo Obare amesomwa kuwa msaidizi wa usafi wa viwanja! Alinipa mkono akasema omera, yaani ndugu yangu, hongera sana. Mkono ulikuwa wa baridi.

Mke wangu Bathsheba hajiwezi kwa furaha. Amekwisha kunipima mabega. Kesho anaanza kunishonea koti la kijivu la uzee kwa cherehani yake. Wanakwaya walipokuja kutupongeza akawasimulia tena kile kisa: jinsi mume wake alivyokaa miaka miwili bila chakula cha mchana, mpaka mwaka 1997 akamnunulia cherehani hiyo. Huwa anakisimulia kwenye harusi pia, kuwafundisha vijana. Teresa wa sauti ya kwanza alifuta machozi. Mimi nilitazama chini.

Jumapili, 9 Novemba

Balaa! Nilikuwa kibandani nanyoosha karatasi, redio ya muuza mitumba inajiongelea yenyewe. Ikasema Kwangua Uone, ile kamari ya kadi, imetimiza miaka thelathini. Alhamisi itasimulia historia yake uwanjani Homa Bay, moja kwa moja hewani. Washindi wa kwanza wa upande huu wa ziwa watasomwa kwa majina, na kila mmoja atapewa tuktuk. Tuktuk! Nilikaa juu ya mashine, ikatoa karatasi tatu.

Historia ya Kwangua Uone naijua kuliko wao. Kadi zilifika Migori 1995. Zilining'inizwa kwa vibanio vya nguo katika duka lililokuwa kando ya kinu cha posho. Ulinunua, ukaenda nyuma ya kinu, ukakwangua kwa kifuniko cha soda. Madirisha matatu. Picha zote tatu zikifanana, umeshinda kilichochorwa. Wanaume walirudi nyumbani na vumbi la fedha kwenye kucha, wakisema ni rangi ya mabati. Mji mzima ulipakwa rangi ya mabati mwaka ule, na nyumba zote zilikuwa za nyasi! Mimi nilipata ng'ombe wawili mara nyingi mno. Ng'ombe wa tatu hakutokea kamwe. Baadaye zikaja simu, watu wakaanza kubeti mpira wakiwa kitandani, kadi zikapotea. Mwaka juzi zimerudi. Fedha ileile, ng'ombe walewale.

Sasa niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Mwaka 1997 nilipata cherehani tatu kwenye kadi moja. Sikukosa chakula cha mchana hata siku moja. Nilikula maharagwe na chapati katika hoteli ya stendi, kila siku, na mara nyingine niliongeza chapati. Tena kuna la pili. Nyuma ya kadi kulikuwa na nafasi ya kuandika jina kabla ya kukwangua, ili kadi isiibiwe. Wakati huo nilikuwa darasa la ubatizo. Mtu wa darasa la ubatizo ataandikaje jina lake kwenye kamari? Niliandika Bathsheba Nyakerario. Nilifikiri, aibu ikija, imkute yeye. Cherehani nilikwenda kuichukua mwenyewe. Niliwaambia ni ya dada yangu na ni mgonjwa.

Nimepiga simu. Ofisa wao anaitwa Caren, sauti tamu sana. Akasema naam, daftari la zamani linaonyesha cherehani, 1997, Migori, Bathsheba Nyakerario. Aje na kitambulisho, tuktuk inamngoja. Nikauliza, na asipokuja? Akasema jina litasomwa tu, hiyo ni historia.

Alhamisi jina la mke wangu redioni. Sabato mimi nasomwa mara ya pili. Naogopa. Lakini pia naiona ile tuktuk, na mashine ya fotokopi nyuma yake, nikizunguka shule hadi shule. Obare atalia.

Jumatatu, 10 Novemba

Mpango wa kwanza. Bathsheba Nyakerario hawezi kuwa mmoja tu duniani. Nikimpata mwingine, jina likisomwa ni lake, aibu ni yake, tuktuk tutaelewana. Ninayo maboksi mawili ya nakala za vitambulisho zilizoharibika. Nilizipekua asubuhi yote. Nikampata! Bathsheba Nyakerario, wa Lambwe. Jina lote, herufi kwa herufi! Mstari mweusi wa mashine yangu ulikuwa umepita kwenye mwaka wa kuzaliwa, lakini nani anajali mwaka.

Nilifika Lambwe saa tisa, nimevaa tai. Nikaelekezwa kwenye shamba la alizeti. Nikamkuta Bathsheba Nyakerario anapalilia, mtoto mgongoni. Nikamwuliza amezaliwa lini. Akasema 2001.

Sikukata tamaa. Nikamwuliza kama anaweza kuonekana mzee kidogo. Nikamweleza kwamba namhitaji kwa siku moja tu, Homa Bay, ajiite mke wangu. Nadhani nilianzia mwisho wa maelezo. Mume wake, Mirumbe, alikuwa upande wa pili wa alizeti na alisikia mwisho huo peke yake. Ni mtu mrefu, Mkuria, na jembe lilikuwa mkononi tayari. Aliniuliza kwa upole nirudie niliyosema. Sikurudia. Tai imebaki kwenye ua wa miiba.

Bathsheba wangu aliniuliza imekwenda wapi. Nikasema nimempa maskini mmoja njiani. Akanitazama kwa macho yale, akasema kanisa limechagua vizuri. Akaniongezea nyama.

Jumanne, 11 Novemba

Mpango wa pili, na huu ni wa akili. Marehemu hatangaziwi kamari! Nilimpigia Caren saa mbili asubuhi, nikamwambia kwa sauti nzito kwamba Bathsheba Nyakerario alitutoka, na familia inaomba jina lake liachwe lipumzike.

Caren alisikitika sana. Alisikitika kupita kiasi. Akasema basi jina la marehemu litasomwa la kwanza, uwanja mzima usimame kimya dakika moja. Nikasema hapana, hakupenda makuu. Akasema ni heshima ndogo tu, na kampuni italeta shada nyumbani kesho. Nikasema hakuna haja. Akasema lazima. Akauliza nyumbani ni wapi. Mdomo wangu, sijui unafanya kazi kwa nani, ukajibu kama unavyomjibu kila mtu: njoo mpaka kinu cha zamani cha posho, halafu uliza kwa Bathsheba fundi wa nguo.

Nilipokata simu ndipo niliposikia nilichosema.

Halafu Caren akapiga tena kuniambia habari njema. Familia ya marehemu inaweza kupokea tuktuk, ikileta barua ya chifu yenye muhuri. Niandike wazi kwamba nilifikiria. Nilifikiria kwa muda wa kunywa chai vikombe viwili. Barua ningeweza kuichapa mwenyewe. Lakini muhuri? Mchonga mihuri ni mmoja tu mtaani.

Huyo mchonga mihuri alivuka barabara mchana, akaegemea meza yangu. Akauliza kama nimesikia mambo ya redio. Nikasema sisikilizi mambo ya dunia. Akasema hata yeye. Nikaona anatazama ukucha wa kidole gumba changu. Nikautazama wake. Akarudi kibandani kwake bila kuaga.

Jumatano, 12 Novemba

Nilifunga kibanda mapema ili nilizuie shada njiani. Nilisimama kwenye kinu cha zamani tangu saa nne. Saa saba njaa ikanishika. Nikaingia hoteli ya stendi, maharagwe na chapati, dakika ishirini tu. Ishirini na tano. Nikaongeza chapati.

Nilipofika nyumbani, shada lilikuwa limeegemezwa kwenye cherehani. Maua ya plastiki, meupe, na utepe: Kwangua Uone Yamlilia Bathsheba Nyakerario, Mshindi Wetu wa Cherehani, 1997. Kijana wa kampuni, Bravin, alikuwa ameketi kwenye kiti changu, anakunywa uji, uso umempauka. Majirani walijaa mlangoni. Bathsheba alikuwa anashona koti langu. Mkono mmoja ulikuwa tayari. Hakusimamisha mguu. Aliendelea kukanyaga, taratibu, mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

Bravin alijaribu kueleza. Alisema aliuliza njia, akaelekezwa, akamkuta mama huyu, akampa pole kwa kufiwa na Bathsheba. Mama akamwambia Bathsheba ni yeye. Basi akamsomea daftari.

Nilingoja kelele. Nilikuwa nimeandaa majibu manne ya kelele. Bathsheba aliuliza jambo moja tu. Baba Tony, ile miaka miwili, ulikuwa unakula mchana?

Nikasema nilikuwa nakula.

Akauliza, unakula nini?

Nikasema maharagwe.

Akasema yeye ndiye aliyekuwa hali mchana. Alinihurumia mimi ninayeshinda njaa mjini, akaona haifai mke ashibe peke yake. Miaka miwili. Alikuwa ananyonyesha Tony, mwanetu.

Niliona aibu. Niliona aibu mpaka masikio yakaziba. Majirani wakaondoka mmoja mmoja, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi kuliko kama wangecheka. Jioni nilimwomba asimwambie mama yake. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani, hata jina lake silitaji, kwa hiyo nisingeweza kwenda kumwangukia. Bathsheba akalikunja lile koti la mkono mmoja, akaliweka kwenye mfuko.

Alhamisi, 13 Novemba

Bathsheba ameondoka alfajiri na Edinah, jirani yetu, kwenda Homa Bay. Amebeba kitambulisho. Amebeba na shada. Aliniambia nisimfuate.

Nilimfuata. Huenda tuktuk ikahitaji sahihi ya mwanamume.

Uwanja ulijaa, upepo wa ziwa unapeperusha turubai. Nilijibanza nyuma ya kreti za soda. Kulikuwa na mtu mwingine pale, miwani ya jua, kofia ya sufu kwenye joto lote lile. Obare! Nikamwuliza anafanya nini Homa Bay. Akasema amekuja kununua omena, wale dagaa wa ziwa. Akaniuliza na mimi. Nikasema omena. Mbele yetu kulikuwa na mzee mwenye kofia pana ya majani. Akageuka. Alikuwa Duke Nyabuto, kiongozi wa wazee wa kanisa letu, mwenyekiti wa kamati ya uteuzi! Tulisalimiana kwa Sabato njema na ilikuwa Alhamisi. Yeye alisema anatafuta mbuta, yule samaki mkubwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na kikapu.

Caren alipanda jukwaani kusimulia historia. Alisema Kwangua Uone imeleta madawati, imeleta visima, imebadilisha maisha. Hakutaja vumbi la fedha, wala nyuma ya kinu, wala wale waliokwangua karo ya watoto. Kisha akasoma majina. Redio, 1996: Duke Nyabuto. Kofia ya majani haikutikisika. Baiskeli, 1996: Obare, Migori. Blanketi, 1998: Teresa, Migori. Mama mmoja aliyejifunika kitenge mpaka puani akaruka kutoka nyuma ya choo. Teresa! Caren akatingisha funguo mbele ya kipaza sauti, akasema asiyejitokeza kwa dakika tatu amepoteza tuktuk. Obare alikuwa na kitambulisho ndani ya soksi. Sijawahi kuona mtu akivua kiatu huku anakimbia. Mzee Duke alitembea kwa heshima, ila kwa haraka.

Halafu cherehani, 1997. Bathsheba alipanda na shada lake. Akalirudisha kwa Caren, akamwambia alihifadhi, atalihitaji mtu mwingine. Watu walicheka. Akachukua kipaza sauti. Alisema hajawahi kukwangua kadi maishani mwake. Alisema mume wake ndiye aliyekwangua, akaficha sura yake nyuma ya jina la mkewe, na juzi alimzika mkewe huyo kwa simu ili asiaibike. Lakini cherehani ile haikukanyagwa na bahati, alisema. Aliikanyaga yeye, miaka ishirini na minane, ikavalisha kwaya, ikavalisha shule tatu, ikamsomesha Tony. Basi tuktuk anaichukua, kwa mkono wake, kwa jina lake.

Uwanja ulipiga makofi. Hata mimi, mikono ilipiga kabla sijaikataza.

Wamerudi Migori kwa tuktuk nne, kwa mstari. Nilipunga mkono barabarani. Ya Bathsheba ilipita. Ya Obare ilipunguza mwendo, akaniuliza kama nimepata omena.

Ijumaa, 14 Novemba

Chakula mezani: maharagwe na chapati. Sahani iliyojaa. Bathsheba alisema nile, nimezoea.

Kamati ya uteuzi imeketi tangu saa tano mpaka karibu na machweo. Mimi sina wasiwasi. Mwenyekiti ana redio ya kamari, wa usafi ana baiskeli ya kamari, kwaya ina blanketi la kamari. Nani atamnyooshea kidole nani? Historia imetuosha wote.

Jumamosi, 15 Novemba

Jua limezama. Ninaandika kwa hasira.

Nje ya kanisa tuktuk nne ziliegeshwa, zimeoshwa. Ndani, Mzee Duke alisimama bila kofia. Alisema kamati imeomba, imefunga, imefikiri. Waliokwangua zamani wamekiri na wamesamehewa. Tuktuk zao zitawabeba wajane kuja kanisani. Wote amina! Kisha akasema kwamba kukwangua ni udhaifu, lakini kila mmoja wao angalau aliandika jina lake mwenyewe. Akasema kamati imepokea pingamizi moja tu, na imelikubali.

Pingamizi halitajwi ni la nani. Lakini nilikaa mbele na niliiona barua mkononi mwa karani. Kurasa mbili, hazikubanwa kwa pini. Zilikuwa zimeshonwa pamoja kwa uzi wa kijivu, mshono mzuri wa cherehani. Nimefikiria jioni nzima. Namshuku Obare. Sijui tu uzi wetu ameupata wapi.

Jina langu halikusomwa. Mahali pake akasomwa Obare. Akasimama, na alikuwa amevaa koti la kijivu. Koti langu! Mikono yote miwili! Ilikuwa mifupi kwake kidogo, na hiyo ndiyo faraja pekee niliyopata leo. Mimi nimepewa usafi wa viwanja. Msaidizi.

Wote walikwangua! Mimi peke yangu niliyetumia akili ndiye niliyeadhibiwa.

Jumapili, 16 Novemba

Siku ya kujichunguza. Kibandani hakuna mteja, wote wanapanda tuktuk ya mke wangu, Edinah anaiendesha, mlangoni wameandika Bathsheba Fundi. Nimekaa nikajiuliza kwa unyofu: Nyangau, ulikosea wapi?

Nimepata jibu. Nilikosea kutumia jina la mtu tunayelala naye nyumba moja. Mtu wa karibu hivyo lazima siku moja ashike mambo. Lilikuwa kosa la ujana.

Muuza kadi alipita saa nne. Kwangua Uone, toleo la miaka thelathini, rangi nne. Nyuma bado kuna nafasi ya jina. Ninafikiria kwa utulivu siku hizi. Nimeandika jina la mama mkwe. Kezia. Anaishi mbali, haoni vizuri, hana redio, na kila mtu anajua kwa adabu yetu mimi siwezi hata kulitamka. Nani atanishuku?

Nimekwangua. Dirisha la kwanza, ng'ombe. La pili, ng'ombe, kama kawaida yao. La tatu nilikwangua nimefumba macho.

Ng'ombe! Ng'ombe wa tatu! Baada ya miaka thelathini, amekuja!

Nimesoma masharti mara mbili. Mshindi aje mwenyewe, na kitambulisho. Sina neno. Kesho saa mbili asubuhi nitampigia Caren. Nitamwambia kwa sauti nzito kwamba mama mkwe ametutoka, na kwamba marehemu alipenda sana ng'ombe.